Nauli Iliyokatwa: Kudai Haki Yako Ukibeba Mzigo wa Serikali ya Marekani

Hotuba kwa madereva na wamiliki wa malori wanaozungumza Kiswahili

Wazee wangu, ndugu zangu madereva, na nyinyi mnaoshika vitabu vya hesabu vya hizi kampuni ndogo za malori, nawasalimu. Najua wapo waliofika hapa moja kwa moja kutoka barabarani, na wapo watakaoondoka kabla ya chakula kwa sababu mzigo unawangoja. Kwa hiyo sitazunguka.

Tuseme umepeleka ankara ya dola 2,340 kwa mzigo wa mwezi wa tatu. Mzigo ulifika salama, saini ipo, hakuna kilichovunjika. Malipo yanaingia benki: dola 1,655.75. Unapiga simu kwenye ofisi iliyokupa mzigo, wanakwambia wao wamelipa zote. Na ni kweli wamelipa zote. Zile dola 684.25 zimekatwa kwa ajili ya mzigo mwingine kabisa, ulioubeba karibu miaka miwili iliyopita, pengine kwa kambi nyingine, ambao mkaguzi amesema ulitoza kupita kiasi. Hujaibiwa, na wala hujashindwa. Njia ya kuzirudisha ipo, ila ina milango yake na ina saa zake. Anayebisha mlango usio wake, au anayechelewa, hupoteza hata pale alipokuwa na haki yote.

Tabia hii ya serikali kulipa kwanza na kukata baadaye haikuzuka jana. Katika karne ya 19 kampuni nyingi za reli za Marekani zilipewa ardhi ya umma ili zijenge njia, na kwa fadhila hiyo zikawajibika kubeba askari na mali ya serikali kwa nauli ya chini. Kila ankara ya reli ikawa fumbo: kipande gani cha njia kina punguzo na kipi hakina. Sheria ya Usafirishaji ya mwaka 1940 ikaweka utaratibu: ankara ilipwe inapowasilishwa, ukaguzi uje nyuma, na serikali ibaki na haki ya kukata kilichozidi kutoka kwenye malipo mengine ya msafirishaji yuleyule. Ukaguzi ulikuwa kazi ya GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge. Mwaka 1975 ukahamia GSA, shirika la huduma za jumla la serikali kuu, na huko ndiko uliko hadi leo. Mwaka 1998 Bunge likaongeza chekeche la pili: kila idara ikague ankara ya usafirishaji kabla haijalipa. Ndiyo maana ankara yako leo inachujwa mara mbili, kwanza na idara iliyokupa mzigo, kisha na GSA baada ya pesa kutoka. Msingi wa yote haya ni kifungu cha 3726 cha juzuu ya 31 ya sheria za shirikisho. Andikeni namba hiyo, 3726, mtaihitaji katika kila barua ya madai.

Sasa, kabla hujabishana bei na mtu, jibu swali moja: pesa hizi unamdai nani, na kwa karatasi gani? Hapa ndipo wengi wetu huanguka, kwa sababu lori ni lilelile, kambi ni ileile, na geti ni lilelile, lakini njia ya madai si moja.

Mizigo mingi ya serikali husafirishwa kwa tenda. Kampuni yako, kwa jina lake na kwa ile alama ya herufi mbili hadi nne inayoitwa SCAC, inawasilisha bei na masharti. Idara inachagua, na hati ya shehena inapotolewa ikitaja namba ya tenda ile, mkataba umefungwa. Mzigo wa namna hii hufuata njia ya 3726: idara, halafu kitengo cha ukaguzi wa usafirishaji cha GSA, halafu Bodi ya Rufaa za Mikataba ya Kiraia iliyoko Washington, ambayo kwa kifupi huitwa CBCA.

Njia ya pili ni mkataba wa manunuzi uliosainiwa chini ya kanuni kuu za ununuzi wa serikali, zile ziitwazo FAR. Huo una ofisa wa mkataba mwenye jina lake, na mgogoro wake hufuata Sheria ya Migogoro ya Mikataba. Dai huandikwa kwa ofisa huyo ndani ya miaka 6. Likizidi dola 100,000 lazima liambatane na uthibitisho wako uliosainiwa kwamba ni la kweli na limetolewa kwa nia njema. Akikukatalia, una siku 90 za kukata rufaa kwenye bodi, au miezi 12 ya kwenda Mahakama ya Madai ya Shirikisho. Siku 90 ni siku 90. Ya 91 hakuna wa kukupokea.

Njia ya tatu ndiyo inayowahusu wengi waliokaa humu leo. Umechukua mzigo wa serikali kupitia kwa dalali. Geti ni la jeshi, hati ina jina la jeshi, lakini makubaliano yako ya bei yako kwenye ile karatasi ya siku moja uliyosaini kwenye simu na dalali. Serikali haikudai chochote na wewe huidai chochote. Deni lako liko kwa dalali. Huwezi kwenda GSA. Lakini usidhani huna kitu mkononi. Kanuni za shirikisho zinamlazimu dalali kuweka kumbukumbu ya kila muamala kwa miaka 3, na kila aliyehusika na muamala huo ana haki ya kuiona kumbukumbu hiyo: mwenye mzigo alilipa kiasi gani, dalali alibaki na kiasi gani. Iombe kwa maandishi, ukitaja kifungu cha 371.3. Angalia pia kama makubaliano uliyosaini hayajakunyang'anya haki hiyo, maana madalali wengi huipachika sentensi ya kukufanya uiachilie, na huipachika kwa maandishi madogo karibu na mwisho. Dalali halali ana dhamana ya dola 75,000. Akigoma kulipa, dai kwa kampuni iliyomdhamini, na dai mapema, kwa sababu dola hizo 75,000 hugawanywa kwa wote wanaomdai, na dalali anayefilisika hudaiwa na wengi. Kwenda mahakamani kudai nauli una miezi 18 tangu mzigo ufike. Tangu hapa nitazungumzia njia ya kwanza, ya tenda, kwa sababu ndiyo yenye mitego mingi kuliko zote.

Mnaniuliza, mgogoro wa bei unatoka wapi ikiwa bei imeandikwa? Unatoka kwenye maneno. Kuna shauri mashuhuri la reli ya Western Pacific lililofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1956. Jeshi lilisafirisha mabomu ya chuma yaliyojazwa napalm, ile petroli nzito ya kuchomea, lakini bila fyuzi wala vilipuzi vya kuyapasua. Kampuni za reli zikatoza nauli ya juu, ya daraja la kwanza, kama mabomu ya kuchoma. Serikali ikasema hapana: bila fyuzi, hicho ni petroli ndani ya mapipa ya chuma, na petroli kwenye mapipa ni daraja la tano. Nani yuko sahihi? Mahakama haikutaka kuamua kwa kamusi. Ilisema jibu linategemea sababu iliyoifanya nauli ya mabomu iwe juu tangu mwanzo, kama ni hatari na uangalizi, na hilo lilipaswa kujibiwa kwanza na tume iliyosimamia nauli. Tume hiyo ilivunjwa mwishoni mwa mwaka 1995, lakini swali limebaki lilelile mpaka leo kila mahali: kitu hiki kinaitwaje kwenye tenda, na kinaitwaje kwenye hati ya shehena? Ukibeba jenereta iliyoandikwa "mashine" na tenda yako ina bei tofauti ya jenereta, mgogoro umeshaupakia pamoja na mzigo.

Mwaka uliofuata, 1957, mahakama hiyohiyo ikatoa uamuzi mwingine katika shauri la reli ya New York, New Haven and Hartford, na huu ndio unaouma zaidi: serikali ikishakata, anayetakiwa kuthibitisha kwamba nauli ilikuwa sahihi ni msafirishaji. Mkaguzi hana kazi ya kuthibitisha kwamba ulikosea. Wewe ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ulipatia. Ongezeni na kanuni ya kawaida ya mikataba: tenda umeiandika wewe, kwa hiyo penye utata husomwa dhidi yako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; kwa mzigo wa serikali inapotea hata kama una daftari, ikiwa daftari halina saini ya upande wa pili.

Kwa hiyo twendeni getini, kwa sababu pale ndipo dai linaposhindwa, miaka miwili kabla ya barua ya mkaguzi.

Nianze na muda wa kusubiri. Tuseme tenda yako inatoa saa 2 za bure, kisha dola 35 kwa kila nusu saa iliyotimia. Dereva amefika 07:40, mzigo umeshushwa wote 13:10. Karani wa ofisini anatoa saa 2, anapata saa tatu na nusu, vipande 7, anatoza dola 245. Mkaguzi anaangalia hati na kukuta miadi ilikuwa 09:00. Kufika mapema hakuanzishi saa. Saa za bure zinaanza 09:00 na kuisha 11:00. Kutoka hapo hadi 13:10 ni saa 2 na dakika 10, vipande 4 vilivyotimia, dola 140. Hizo 105 zitarudi serikalini. Na ikiwa muda wa kuingia na kutoka haukuandikwa kwenye hati na kusainiwa na mtu wa upande wao, hata hizo 140 zitaondoka. Rekodi ya saa za dereva na alama za GPS zinasaidia kama ushahidi wa pembeni. Hazichukui nafasi ya saini. Na jambo moja letu wenyewe: saa za Kiswahili tuziache kwenye mazungumzo. Kwenye hati usiandike saa moja na dakika arobaini. Andika 07:40, kwa mtindo wa saa 24, kila siku, hata unapoharakishwa.

Halafu huduma za ziada. Lifti ya nyuma ya trela, kupeleka mzigo ndani ya jengo, kurudi mara ya pili baada ya kukuta pamefungwa, lori lililoitwa halafu likarudishwa tupu. Hizi hulipwa zikiwa ziko kwenye tenda na ziliombwa. Nani aliyeomba? Mlinzi wa getini hana mamlaka hayo, wala mwendesha folklifti, hata kama ndiye aliyekuambia "subiri hapo" na ukasubiri mpaka jioni. Mwenye mamlaka ni ofisa uchukuzi wa idara au aliyemteua. Mpigie ukiwa bado hapo, kisha mwombe athibitishe kwa barua pepe yenye namba ya hati ya shehena. Barua pepe ya mstari mmoja iliyotumwa siku ileile ina uzito kuliko kurasa tatu za maelezo zilizoandikwa baada ya mwaka.

Lori zima kwa mzigo mmoja ni ugomvi wa miaka mingi. Bei yake ni kubwa, na msafirishaji hudai kwamba lori halikubeba kitu kingine. Hilo peke yake halitoshi. Kinachotakiwa ni maneno kwenye hati ya shehena kwamba mtumaji aliomba lori zima, namba za sili ulizofungiwa wakati wa kupakia, na namba hizohizo zikionekana kwenye saini ya kupokea, kwenye trela lilelile. Trela likibadilishwa njiani bila maelezo, dai limelegea.

Uzito nao. Nauli nyingi za tenda ni kwa paundi 100, na kadiri uzito unavyopanda ndivyo bei ya kila paundi 100 inavyoshuka. Chukua mzigo wa paundi 18,400. Bei ya daraja lake ni dola 9.20, kwa hiyo 184 mara 9.20 ni dola 1,692.80. Lakini tenda ileile ina daraja la kuanzia paundi 20,000 kwa dola 8.10. Ukiutoza mzigo kana kwamba ni paundi 20,000, unapata 200 mara 8.10, yaani dola 1,620. Iliyo ndogo ndiyo nauli halali, tenda ikiwa inaruhusu kupanda daraja hivyo. Tofauti ni dola 72.80. Inaonekana ndogo, lakini kama programu yako ya ankara haijui kulinganisha madaraja, kosa hilo limo katika kila mzigo ulio karibu na mpaka, na mkaguzi akilikuta mara moja atafungua yote. Mnaolalamika kwamba mmeletewa barua arobaini kwa wiki moja, angalieni hapa kwanza; mara nyingi ni kosa moja lililojirudia mara arobaini. Na karatasi ya mizani iwe na uzito mtupu na uzito kamili, namba ya lori, na tarehe. Karatasi yenye uzito mmoja tu haithibitishi kitu.

Umbali hauna mjadala mrefu. Odometa ya lori haina sauti. Tenda inataja mwongozo wa maili, na kwa mizigo ya jeshi ni jedwali rasmi la umbali la Wizara ya Ulinzi, DTOD. Jedwali likisema maili 1,412 na dereva amekwenda 1,467 kwa sababu daraja lilifungwa, unalipwa 1,412. Kwa bei ya dola 2.85 hizo maili 55 ni dola 156.75, na ukizitoza zitarudi. Ikiwa mtumaji ndiye aliyekuelekeza uzunguke, rudi kwenye yale ya ofisa uchukuzi na barua pepe.

Ziada ya mafuta hukosewa kwenye tarehe. Wizara ya Nishati hutangaza wastani wa bei ya dizeli kila wiki, na tenda au kanuni zake husema ni wiki gani inayotumika; kwa kawaida hufuatwa siku ya kupakia. Karani anayeandaa ankara siku kumi baadaye huchukua bei ya wiki anayoandikia. Dizeli ikiwa imepanda, umetoza zaidi. Ikiwa imeshuka, umejidhulumu mwenyewe na hakuna atakayekuandikia barua kukujulisha.

Bado kuna ankara iliyotumwa mara mbili, na kuna tenda mbili za kampuni moja kwa njia moja, ambapo mkaguzi atachagua ya chini. Futa ya zamani rasmi unapoweka mpya. Usiiache ife yenyewe.

Haya, umefanya yote hayo na bado wamekata. Tufuate mlango kwa mlango.

Mlango wa kwanza ni idara yenyewe, kabla ya malipo. Ankara ikiwa na kasoro, Sheria ya Malipo kwa Wakati inataka wakurudishie ndani ya siku 7 tangu waipokee, wakikuambia kasoro ni nini. Ankara isiyo kamili haianzishi saa ya malipo. Iliyo kamili inatakiwa ilipwe ndani ya siku 30 kama mkataba hausemi vingine, na wakichelewa riba inatakiwa iongezwe bila wewe kuiomba. Wakikubali sehemu na kukataa sehemu, pokea sehemu waliyokubali. Kupokea kiasi ambacho hakina ubishi hakufuti dai la kilichobaki, ili mradi hukusaini karatasi inayosema umeridhika. Kisha andika dai la tofauti tu, na ulipatie namba yake. Usitume ankara nzima upya yenye namba mpya. Ukifanya hivyo umetengeneza ankara ya pili ya mzigo uleule, na sasa una migogoro miwili.

Mlango wa pili unakuja baada ya malipo, na mara hii wao ndio wanaokubishia wewe. GSA inatuma notisi. Soma kichwa chake vizuri, kwa sababu zipo za aina mbili. Moja inasema umetoza zaidi ya bei ya tenda. Nyingine inasema una deni la kawaida, yaani kitu kisichohusu kiwango cha nauli, kama kulipwa kwa huduma ambayo haikufanyika. Zinajibiwa tofauti: ya kwanza kwa hesabu na tenda, ya pili kwa ushahidi kwamba kazi ilifanyika. Kila notisi inataja siku za kujibu. Zihesabu tangu tarehe iliyo juu ya barua. Barua ikikaa wiki mbili kwenye sanduku la posta wakati uko barabarani, siku hizo zimekwenda. Kampuni yenye lori moja au mawili inahitaji mtu mmoja wa kufungua barua, hata kama ni binti yako wa chuo, na awe anajua bahasha ya GSA inafananaje.

Unapoijibu, usianze kwa kulalamika. Piga hesabu yao upya. Sheria inaruhusu gharama za mikataba ya ukaguzi wa baada ya malipo zilipwe kutokana na pesa zinazorudishwa na wasafirishaji, na mafaili wanayopitia ni mengi mno. Wakaguzi hukosea, na hukosea kwa namna zinazojulikana. Wametumia tenda iliyokwisha muda siku ya kupakia, au ambayo ilikuwa haijaanza. Wametumia bei ya eneo jingine la chanzo. Hawakuona nyongeza ya tenda iliyobadilisha bei. Au hawakuona idhini ya huduma ya ziada kwa sababu nakala yake ilibaki kwako tu. Kila moja kati ya hizo hujibiwa kwa kurasa mbili: karatasi yenyewe, na hesabu iliyonyooka. Wakiwa sahihi, lipa mara moja. Deni la serikali linalolazwa huongezewa riba, na kulishikilia ili tu kuonyesha msimamo ni hasara.

Ukinyamaza, wanakata. Ndiyo ile dola 1,655.75 tuliyoanza nayo. Fungua daftari la makato lenye safu tano: tarehe, ankara iliyokatwa, kiasi, namba ya notisi, na ankara ya zamani inayohusika. Pasipo hilo, karani wako ataiona ankara ya mwezi wa tatu kuwa haijalipwa yote, ataidai tena, na atakuwa anadai deni lisilokuwepo huku deni la kweli likizeeka.

Na deni hili lina umri wake. Kifungu cha 3726 kinasema dai lazima lipokewe ndani ya miaka 3, na miaka hiyo huhesabiwa tangu jambo la mwisho kati ya haya manne: dai lilipozaliwa, nauli ilipolipwa, ulipourudisha ulichozidishiwa, au walipokata. Wakati wa vita hauhesabiwi. Walikata tarehe 10 Februari 2025? Dai liwe mezani kwao kabla ya tarehe 10 Februari 2028. Nasema liwe mezani kwao. Muhuri wa posta wa siku ya mwisho haukusaidii. Saa hiyohiyo inawabana na wao: wana miaka 3 ya kukata walichokilipa kupita kiasi. Kwa hiyo tunza kila faili angalau miaka 4 tangu malipo, na usimwachie dereva nakala halisi kwenye dashibodi.

Dai lenyewe liwe na SCAC yako, namba ya hati ya shehena, namba ya ankara, namba ya tenda pamoja na ukurasa unaoutegemea, saini ya kupokea mzigo, karatasi za mizani au idhini kama zinahusika, kiasi ulichotoza, kiasi ulicholipwa, na tofauti. Kisha aya moja ya sababu. Aya moja inatosha kama karatasi zimekamilika, na kama hazijakamilika hata kumi hazitoshi.

GSA ikikataa, hapo ndipo mlango wa tatu. Kabla ya mwaka 1996 rufaa hizi zilikwenda GAO. Baadaye zikaenda bodi ya GSA, na tangu mwaka 2007 ziko CBCA. Una miezi 6 tangu uamuzi wa GSA, au ile miaka 3 kama bado haijaisha, kipi kinachokuja mwisho. Bodi haitozi ada na wakili si lazima, ingawa dai likiwa la kiasi kikubwa ningependa mmtafute. Unaeleza uamuzi unaoupinga na tarehe yake, mzigo gani, kiasi gani, na kwa nini, ukiambatisha karatasi. Upande wa serikali hupewa siku 30 kujibu, nawe siku 30 kujibu jibu lao. Mara nyingi jaji huamua kwa kusoma faili tu. Hatakuona, hatasikia sauti yako, hatajua dereva alikaa getini saa ngapi kwenye baridi. Anachokijua ni kile kilichomo kwenye bahasha. Ndiyo maana jibu lako la pili ni la thamani kubwa. Wengi hulikosa kwa kudhani wameshasema yote, wakati ndipo serikali inapotaja kwa mara ya kwanza tenda au ukurasa ambao hawakuuona.

Jambo moja la kutofautisha: madai ya mzigo ulioharibika au kupotea ni sheria nyingine na muda mwingine. Serikali inaweza kukukatia nauli kwa ajili ya hasara hiyo pia, na karatasi ya makato itafanana, lakini jibu lake ni picha, sili na hali ya mzigo uliposainiwa.

Walioleta barua zao, tuna meza mbili hapa nyuma. Wenye mizigo ya dalali waende ya kushoto, na makubaliano ya bei mkononi. Wenye notisi za GSA, kulia; toeni kwanza hati ya shehena, ya pili tenda, notisi iwe ya mwisho. Na aliyekatwa tangu mwaka juzi na bado hajaandika kitu, aje wa kwanza.